Milimita Mbili

Aliingia na lenzi ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya kiume, kisigino kimetiwa kiraka,
akaiweka kaunta kama mtu anayeweka yai.
Mvua ya Dundee ilimfuata hadi kwenye zulia.
"Hii ya Wattie," akasema. "Na hii"
(bodi ya kidijitali, nailoni bado i juu ya skrini)
"nimepewa na mjukuu. Nioanishie."

Hakusema hivyo, bila shaka. Alisema Kiskoti chake.
Ila mimi, miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii
ya Barabara ya Perth, bado husikia kwa Kitanga:
vitu vikiingiana, husemwa vimeoana.

Niliitoa soksini. Hamsini, f moja nukta nne.
Rangi imekwisha, shaba imechungulia
pale kidole gumba chake kilipokuwa kikilala.
Pete ya fokasi ikazunguka nzito, laini,
kijiko ndani ya asali.
Nikaielekeza taani: ukungu hamna,
uzi mmoja tu wa kuvu pembeni,
unywele wa mtoto mchanga.

Bodi nayo nikaifunua mdomo.
Kioo kimelala mshazari, nyuma yake kihisi.
Meno ya huku, meno ya kule: lila na fila.
Lakini nina droo ya pete, adapta za kila ukoo,
na chanda changu kinazijua gizani.
Nikaivisha moja. Nikazungusha.
*Ta.*
Bi Geddes akapiga kofi moja la furaha.

Nikamwambia, subiri.
Kuingia si kuoana.

Tukatoka kizingitini. Akapiga mkono wake:
kila mshipa, kila doa la uzee, wazi.
Akapiga uso wangu, akacheka.
Kisha akainua kamera kuelekea mto,
ng'ambo, vilima vya Fife,
akazungusha pete hadi ikagoma.
Uji.
Uji wa kijivu, usio na kilima wala paa.

Lenzi hii, nikamweleza, iliumbwa ikae
milimita arobaini na mbili mbele ya filamu.
Bodi hii inaiweka arobaini na nne,
na unene wa pete sijauhesabu.
Itaona kikombe. Itaona paka.
Mbali haitafika.

Akanyamaza. Kisha:
"Alikuwa mtu wa ishara za reli. Alipostaafu
alipiga dirishani kila asubuhi, treni ya kwanza darajani.
Vya karibu naviona mwenyewe."

Ipo pete yenye kigae cha kioo ndani,
huirudisha mbali, ila hulainisha kila kitu
kama uongo wa heshima. Sikuitaja.
Nikafungua kabati, nikatoa bodi kuukuu,
imekwaruzwa ubavu, haina kioo tumboni,
fupi: milimita kumi na nane.
Zinazobaki, ishirini na nne, tunazijaza hewa.
Pete hii ni bomba tupu, mama. Hewa iliyopimwa.

"Unaniuzia hewa?"
Pauni kumi na tano. Bodi tubadilishane.
Farquhar, mwenye duka, akakohoa nyuma ya pazia,
kile kikohozi chake cha hesabu.

Nikamwonya: kihisi chake ni kidogo,
kingo zitakatwa. Mti wa jirani hautaingia.
"Jirani ameshaukata," akasema.

Mlangoni tena. Mvua imepungua kidogo.
Kidole gumba chake kikatafuta ile shaba, kikakaa.
Akasogeza pete hadi kwenye nane iliyolala,
na Newport ikajitokeza kwenye skrini:
mabati, bomba la moshi, dirisha moja
ambalo mtu amesahau kuzima taa yake.
Daraja lote, nguzo baada ya nguzo.

Hakubonyeza.
Akaniuliza treni ni saa ngapi.

Nikatazama ukutani. Bado dakika nane.
Farquhar akakohoa.
Tukasimama pale pale, yeye na kamera,
mimi na soksi mkononi.